Makovu ya Mnazi wa Kalama

"Basi sema si wewe," Muthoka aliniambia. "Sema, Hawe Mbodze, halafu tuone kama kuna mtu hapa uani atakayekuamini."

"Si mimi."

"Umemwona?" akamgeukia Kaingu. "Hata ukope haukumtikisika."

Hawe ni bibi kwa lugha yetu, nami nilikuwa nimekaa mkekani nachambua mchicha, na sikuacha. Mtu akikuita mwongo nawe ukasimamisha mikono, yeye hudhani amekupata. Nikamwambia Muthoka kwamba kama anatafuta mdomo uliovuja, aanze na huo aliouleta mwenyewe, yaani wa Kaingu, maana tangu waingie Kaingu alikuwa hajanitazama usoni, na Kaingu ni mtu wa kutazama kila kitu. Mgema kama yeye hupanda minazi kutwa mara mbili, na hakuna bafu la mtu hapa kijijini asilolijua kwa juu. Kaingu akasema yeye hakuja kutukanwa. Nikamuuliza basi alikuja kufanya nini.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Mjukuu wangu Kalama alikuwa amechaguliwa kwenda kambini, kwenye timu ya taifa ya chipukizi, wale wasiozidi miaka kumi na saba. Jumanne akaja mtu mwenye kofia nyeupe, akasema ametumwa kuhakikisha umri wa mtoto. Alhamisi, yaani siku hiyo tunayogombana, simu ikaingia kwa Muthoka: mtoto ana shaka, inasemekana ana miaka kumi na tisa na nusu. Yule bwana angerudi alasiri. Akitoka hapa, ama Kalama anasafiri kesho yake, ama jina lake linafutwa na mwingine anaandikwa mahali pake.

Kumi na tisa na nusu. Hiyo nusu ilikuwa imemkwama Muthoka kooni kama mwiba wa samaki. Mtu anayebahatisha hasemi nusu, alisema. Mtu wa mbali husema kumi na tisa, au ishirini. Nusu hutoka nyumbani.

Muthoka huyu, kwa asiyemjua, ni fundi viatu pale njia panda ya Waa, na ni kocha. Asubuhi anashona soli za watu. Jioni anawafukuza watoto wa watu uwanjani mpaka soli zikatike, na kesho yake wanamletea azishone. Nimemwambia mara nyingi kwamba hiyo ni biashara ya hila. Huwa hacheki.

Kwao ni kwenye skimu, huko juu Shimba Hills. Baba yake, mzee Musyoki, alishuka kutoka Ukambani kuja kugawiwa shamba, na alipofika na jembe lake begani alikuta ndovu wamekwisha kulipima. Muthoka alizaliwa huko, na kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa kulinda mahindi. Wako wanaosema alijifunza ukipa kwa kudaka maboga ambayo ndovu walikuwa wakimrushia kwa mkonga, kushoto na kulia, na kwamba ndovu jike mmoja alikuwa na penalti ambayo Muthoka hajaiona tena kwa binadamu. Wanasema walilisikia hilo kwangu. Mimi nasema hawakusikiliza vizuri. Alikuwa ndovu dume.

Lakini kwamba alikuwa kipa, na kipa hasa, hilo halina chumvi yangu. Alipotimiza miaka kumi na tisa aliitwa kwenye mchujo wa timu ya taifa. Akaenda bara na daluga alizozishona mwenyewe. Siku ya kwanza wakaambiwa wakae kwenye nyasi. Siku ya pili wakakimbizwa kuzunguka uwanja, bila mpira. Siku ya tatu ikanyesha. Siku ya nne orodha ikasomwa, na makipa walikuwa watatu. Wawili hakuwahi kuwaona. Wa tatu alimwona, kwa sababu ndio kwanza alikuwa anashuka kwenye gari, amevaa viatu vya ofisini, anauliza choo kiko wapi. Muthoka hakupigiwa hata mpira mmoja adake. Angepigiwa ukampita, nadhani angekwisha sahau. Akarudi na daluga zake mpya vile vile, hazina hata tope.

Tangu siku hiyo haamini orodha ya aina yoyote. Kanisani kwao walipobandika zamu ya kufagia, alikwenda kuuliza nani ameiandika, na ilikuwa saa ngapi, na ni nani mwingine alikuwepo.

Timu ya taifa ikicheza tunajazana kwenye kibanda cha mkewe, Kanyiva, mwenye televisheni. Watu wote wanatazama mpira, yeye anatazama benchi. Anamtazama aliyekaa karibu na kocha na aliyemnong'oneza, na yule aliyevaa jezi lakini kitambi chake si cha mchezaji. Tukifungwa, na tunafungwa sana, tena aghalabu dakika zile za mwisho watu wamekwisha anza kushangilia sare, kila mmoja ana wake wa kumlaumu: kipa, refa, nyasi. Muthoka humaliza chai yake akasema wa kulaumiwa hakuwepo uwanjani leo. Nchi nzima hii, atasema, na beki wa kushoto ni yule yule mwaka wa tisa, kwa kuwa hakuna aliyetoka ofisini kwenda kumtafuta mwingine. Hawalei. Wanaokota.

Yeye akaanza kulea. Alifyeka kichaka nyuma ya shule, akang'oa visiki, akasimamisha milingoti ya mivinje. Nyavu za goli ni zile zilizochanika za wavuvi wa Majoreni, na siku za jua kali golikipa anadaka huku ameziba pua kwa harufu ya papa. Hana zile koni za plastiki wanazokimbilia wachezaji wa mijini. Hupanga vifuu vya nazi. Mipira anaishona mwenyewe. Na daftari hana, kila kitu kiko kichwani: nani anachechemea, nani hakula, nani baba yake amemkataza.

Kwa miaka ishirini na miwili amepeleka wachezaji kumi na mmoja kwenye michujo ya bara. Timu kamili. Aliyevaa jezi ya taifa ni Mbarak peke yake, na huyo aliivaa nyumbani, maana alirudi nayo mfukoni baada ya kuambiwa nafasi zimejaa. Jezi yenyewe ilikuwa ya mwingine, ambaye haikumtosha. Sasa Mbarak ni bawabu wa hoteli huko Diani, na watu husema huivaa ndani ya sare.

Anayemuuma zaidi ni Kisilu, kwa kuwa ni mtoto wa dada yake. Kisilu alichukuliwa na mtu mwenye maneno laini, akapelekwa klabu moja ya mbali. Walipoona umri wake umepita ule wanaoutaka, wakampa cheti cha kuzaliwa cha mtoto mwingine, akacheza msimu mzima kwa jina hilo. Mama yake alikuwa akiketi na redio hapa, mwanawe anafunga mabao, na anayesifiwa ni mtoto wa mwanamke mwingine. Ilipogunduliwa, aliyefungiwa ni Kisilu. Waliompa cheti wangali wanapeana mikono uwanjani. Kisilu anakata mawe machimboni sasa, na mpira ukibiringika ukafika miguuni pake huurudisha kwa mkono.

Siku ile Kisilu aliporudi, Muthoka alisimama mbele ya kanisa zima akaapa kwamba mchezaji wake hatatoka tena hapa akiwa na hata mwaka mmoja wa uongo juu yake. Nilikuwepo. Si kanisa langu, lakini palikuwa na pilau.

Halafu akampata mume wangu.

Namwita Kalama mume wangu kwa sababu amebeba jina la marehemu babu yake, na kwetu mjukuu mwenye jina la mumeo ndiye mumeo. Unamuuliza mbona amechelewa kurudi, unamwambia alete kitoweo, unamnunia akicheka na wasichana. Baba yake, mwanangu Katana, yuko Taveta kwenye mashamba ya ndizi na simu yake hupatikana ikitaka yenyewe. Mama yake, Eunice, anafua mashuka ya hoteli. Kwa hiyo mume wangu nimemlea mimi, na ubaya wake wote ni wangu.

Muthoka alimwona akiwa na miaka tisa. Alikuwa anapiga vidaka, vile vinazi vichanga vinavyodondoka kabla ya wakati wake, anavipitisha katikati ya miguu ya mbuzi na mbuzi wanaendelea kula. Hilo ni kweli tupu. Kwamba kidaka kimoja kilivuka bahari kikatua Wasini ndani ya sufuria ya mtu anayepika pweza, hilo nilimweleza bwana mmoja wa redio, akalitangaza. Muthoka hakunisemesha wiki mbili. Alisema kila chumvi ninayomtilia mtoto ipo siku mtu ataionja.

Sasa karatasi. Kalama alizaliwa mikononi mwangu, katika nyumba ile ya nyuma, hakuna daktari wala kalamu. Alipofika wakati wa kutakiwa cheti, aliyezunguka ni Muthoka. Kwa mzee wa mtaa, kwa chifu, ofisini, rudi kesho, rudi Jumatatu. Akainua mkono akaapa kwamba mtoto ana miaka kumi na mitano. Hiyo ilikuwa mwaka jana. Cheti kikatoka cheupe kinanukia wino, na hapo ndipo watu walipopata pa kunusa. Mtoto mrefu kama mwimo wa mlango, ndevu zinapiga hodi, na cheti chake hakijafikisha mwaka.

Basi huyo bwana wa Jumanne. Alikuja kwa miguu, peke yake, kofia mkononi. Shikamoo yake ilikuwa nzuri mno. Watu wa mpira wanaofika hapa husema "sasa nyanya" huku wanatazama simu, huyu aliinama. Nikamshuku papo hapo. Nikampa maji, akashukuru, akayaweka chini bila kuyaonja, nikazidi kumshuku. Nilidhani ni katika wale waliombadilisha Kisilu jina.

Aliniuliza Kalama alizaliwa lini. Nikamwambia mimi sikusoma, miaka siijui kwa namba. Ila alizaliwa mwaka ule kuku wa kijiji kizima walipotaga mayai ya mviringo kama mipira, na alitanguliza mguu wa kushoto, ndiyo maana anapiga kwa kushoto. Alicheka, na hakuandika kitu. Hilo nalo sikulipenda.

Halafu akasema, kwa upole, kwamba bibi yake yeye ni wa Rabai, na kwao mtoto akizaliwa kitovu chake huzikwa, mche wa mnazi ukapandwa juu yake. Je, huku bado tunafanya?

Na mimi, mtu mzima, nikasahau kumshuku. Nikamnyoshea kidole mnazi wa nyuma ya jikoni, mrefu kupita wenziwe wote. Nikamwambia wa Kalama ule pale, na kama mwenyewe alivyo uwanjani, nao hauna mwenzake hapa Waa. Niliringa. Akautazama, akavaa kofia yake, akaaga vizuri kama alivyoingia.

Haya yote nilimweleza Muthoka siku ile ya Alhamisi, kipande kwa kipande, kila aliponibana. Nikamalizia kwamba kumwonyesha mtu mnazi si kumwambia umri. Mti hauna mdomo.

Ndipo Kaingu alipoanza kukohoa.

"Kohoa uishe," Muthoka akamwambia.

Kaingu akasema yeye aliulizwa tu. Alikuwa anashuka kwenye mnazi wake na kibuyu, akamkuta bwana mmoja mstaarabu chini, anataka kujua mnazi unahesabiwaje. Na Kaingu ukimuuliza habari ya minazi ni kama kumuuliza mama arusi habari ya nguo yake. Akamweleza. Mnazi huangusha kuti moja kila mwezi, na kila kuti huacha kovu shinani, kama pete. Makovu kumi na mawili, mwaka. Kisha unaongeza miaka minne ya mwanzo, mche ukiwa bado haujatoa shina. Yule bwana akamwomba amhesabie mmoja, kwa mfano tu. Ule mrefu pale, nyuma ya jikoni kwa Mbodze.

"Nawe ukapanda."

"Nikapanda. Makovu mia moja thamanini na sita. Nilirudia mara mbili."

"Hukujiuliza ni nani?"

"Nilidhani ni wa kilimo. Wale wanaogawa miche."

"Wa kilimo," Muthoka akasema. "Na kofia ya mpira."

"Kofia haikuwa imeandikwa kitu, kocha."

Muthoka akachukua kijiti, akachuchumaa, akapiga hesabu mchangani. Mimi namba zake sizijui, lakini mgongo wa mtu naujua, na niliuona ukilegea. Mia moja thamanini na sita ukigawa kwa kumi na mbili, akasema, ni kumi na tano na nusu. Ongeza minne. Nusu yake ikawa imepata mwenyewe.

Nilitarajia atatupigia kelele. Hakupiga. Alikaa juu ya kinu changu, ambacho hakikaliwi, nami sikumkataza.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema. Hakuwa anatuambia sisi. Akasema miaka ishirini na miwili anawasema watu wa bara kwa hila zao, na sasa ameinua mkono mbele ya chifu akaapa miaka mitatu na nusu pungufu. Kisilu alipewa uongo na watu wasiomjua. Kalama amepewa na yeye. Akaniuliza kama nilikuwa nikicheka moyoni siku aliyokuja na kile cheti amekifunga katika mfuko wa plastiki kisilowe.

Kaingu akasema labda makovu mengine ni ya jua. Muthoka akamwambia anyamaze.

Hapo mchicha ulikuwa umekwisha, na mikono yangu haikuwa na pa kujificha. Nilikuwa na neno nililoliweka miaka kumi na tisa. Nikalitoa.

Nikawaambia mnazi ule si wa Kalama. Yaani, ni wa Kalama, lakini si huyu. Kulikuwa na mwingine kabla yake. Tulikuwa ndio kwanza tumehamia hapa kutoka Kinango, hatuna jirani, Kaingu mwenyewe alikuwa angali Tanga. Eunice akajifungua mtoto wa kiume, nikampa jina la mume wangu, nikakizika kitovu, nikapanda mche. Aliishi miezi minane. Homa ilimshika Ijumaa, Jumapili tukamzika, na jina la mume wangu likarudi halina mtu. Miaka mitatu na nusu tangu azaliwe yule, akaja wa pili. Watu walisema nimpe jina jingine, nikakataa. Na kitovu chake nikakizika pale pale, chini ya mnazi wa nduguye, uliokuwa umefika kimo changu. Sikuwa na nguvu za kuchimba shimo la pili. Nilijiambia jina moja, mnazi mmoja. Eunice nikamkataza asimtaje yule wa kwanza katika nyumba hii, asije akamwita, nami nikawa simtaji. Wa pili hata kliniki hakupelekwa. Eunice alisema wa kwanza alipimwa kila mwezi, na bado alikufa.

Nilipomaliza, Kaingu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika.

"Hii imeipita ya ndovu," akasema. "Hawe, Wallahi, hii imeipita."

Nilimtazama mpaka akaacha. Ni haki yake. Miaka yote nimemlisha maboga na pweza, angejuaje kwamba safari hii nimempa chakula.

Muthoka hakucheka. Alinitazama, na nikaona ameniamini, na nikaona pia kwamba kuniamini hakukumsaidia.

"Unajua wanavyofanya?" akasema. "Wanamchukua kijana mkubwa, wanatafuta nduguye mdogo aliyekufa, wanampa cheti cha nduguye. Ndiyo hila ya zamani kuliko zote. Yule bwana akisikia kulikuwa na Kalama wawili katika nyumba hii, ataniuliza neno moja tu. Atauliza yupi aliyekufa."

"Wa kwanza."

"Nani ataapa?"

"Mimi."

Kaingu akainua uso akatazama minazi.

Muthoka akaniuliza kama kuna karatasi yoyote ya yule wa kwanza. Nikasema ilikuwepo kadi ya kliniki, ile ya njano ya kupimiwa uzito, yenye tarehe zote mpaka ule mwezi wa nane zilipokoma. Nilimwambia Eunice achome kila kitu. Nguo niliziona zikiungua, na kile kibanda cha chandarua pia. Kadi sikumbuki kuiona, lakini Eunice ni mkwe mtiifu, hajawahi kunipinga hata kwa chumvi ya mchuzi.

"Muulize."

"Simuulizi."

"Basi nitamuuliza mimi."

Nikamwambia hatamuuliza. Nikamwambia yule mwanamke ameishi na mimi miaka kumi na tisa hajamtaja mwanawe huyo, na mimi ndiye niliyemziba mdomo, na siwezi kuuzibua kwa sababu ya mpira. Akasema si mpira. Nikamuuliza ni nini basi. Akakung'uta mchanga surualini.

Kisha akaja akachuchumaa mbele yangu, karibu, Kaingu asisikie. Muthoka ni mtu wa kushuku, nimekwisha sema, na mtu wa kushuku akishakupenda hukushuku zaidi.

"Hawe," akasema, "niambie mimi. Ulimwonyesha ule mnazi ili asiende?"

Nilitaka kumwambia hapana, na ingekuwa kweli. Nilipouonyesha nilikuwa naringa tu. Lakini yule bwana hakuwa amefika hata barabarani nilipokumbuka mnazi ni wa nani. Nilikuwa na Jumanne yote na Jumatano yote. Kibanda cha Muthoka ni mwendo wa kumaliza tonge moja. Sikwenda. Nilikaa hapa nikawaza Mbarak na jezi yake ya mfukoni, na Kisilu, na huyu mume wangu amekaa kwenye nyasi za watu siku nne anangoja orodha. Nikasema moyoni, waache wahesabu. Wakihesabu vibaya atabaki nyumbani na hatakuwa amekosa yeye.

Hayo nilimwambia. Yote, bila kuku wala mayai.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliinuka, akafungua ule mfuko wa plastiki aliokuja nao, akakitoa cheti, akakitazama pande zote mbili kama mtu anayekagua soli. Akasema basi amekwisha jua la kufanya. Yule bwana akifika, atamwambia hana hakika, na jina la Kalama atalitoa yeye mwenyewe.

"Umfute kwa mkono wako?" nikamuuliza.

"Nimeapa mara moja kwa kitu nisichokijua. Sitaapa mara ya pili."

"Lakini sasa unakijua."

"Nakijua kwako," akasema.

Kaingu akasema labda tungempigia simu Katana. Tukapiga. Simu ya Katana ikasema yale yanayosemwa na simu ya Katana. Kutoka nyuma ya shule mpira ulikuwa unasikika, pigo moja, kimya, pigo moja. Mume wangu alikuwa peke yake kule anapiga ukutani kwa mguu wa kushoto, anajiweka tayari kwa safari, na begi lake lilikuwa pale kibarazani tangu asubuhi. Amelifunga kwa kamba ya katani kwa kuwa zipu ilikufa zamani. Muthoka akalitazama lile begi, nami nikalitazama, na nikaona sasa nitasema, nitamwita Eunice akirudi jioni, nitamwomba mwenyewe, hata kama ni kwa magoti.

Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia Muthoka hivyo, ndipo tuliposikia hodi.

Ile kofia nyeupe ilikuwa imesimama nje ya ua. Lakini hakuwa ameibisha yeye. Mbele yake, amevaa bado sare ya dobi, mikono imekunjamana kwa maji ya sabuni, alikuwa Eunice, ambaye saa hizo alitakiwa kuwa Diani. Sijui walikutana wapi, wala ni nani aliyemuuliza mwenzake nini. Alikuwa amefungua kile kipochi anachokwenda nacho kazini kila siku, kile ambacho sikuwahi kumuuliza ndani mna nini, na mkononi ameshika kadi ya njano iliyokunjwa mara nne.

"Karibu ndani," akamwambia yule bwana, na akampisha apite.